Kubadilisha oili ya giaboksi ya oto nyumbani: kweli gari itakufa?

*"Assalaam alaykum fundi. Mie nipo Wete, nna Toyota IST ya 2004, injini ya 1,300, ya oto. Naitumia mwenyewe lakini siku nyengine nabeba watu mpaka Chake na Mkoani. Mwaka wa tatu huu tangu niinunue na oili ya giaboksi sijaigusa hata siku moja. Juzi nimechomoa kijiti cha kupimia nikaona oili imekuwa rangi ya juisi ya ukwaju. Asubuhi nikitia D gari inashtuka kidogo, baada ya hapo siku nzima iko sawa. Fundi mmoja kanambia niiache vile vile, giaboksi ya zamani ukiibadilisha oili inakufa. Mwengine kasema nitie haidroliki yoyote madhali nyekundu. Na nimeona video mtu anavua mpira wa rejeta, anawasha gari, oili chafu inamwagika huku mwenzake anatia mpya. Nataka nifanye mwenyewe uani kwangu. Nafanyaje, na kweli itakufa?"*

Waalaykum salaam ndugu yangu. Khofu yako naielewa na wala si ya kijinga, maana giaboksi ikikufia hapo Wete hutaipata ya kubadilisha pale mtaani, ni kuagiza Unguja au Dar na kusubiri boti, na siku zote hizo gari imelala na watu wako hujawabeba. Kwa hiyo nitakujibu kwa urefu, tena nianze na hilo la kufa, kwa sababu ndo linalowafanya watu wengi waendeshe na oili nyeusi mpaka gari inakataa kwenda.

Hebu fikiri, ni nani anaekwenda kwa fundi kubadilisha oili ya giaboksi huku kwetu? Mara nyingi si mwenye gari nzima. Ni yule ambae gari yake ishaanza kuteleza, anakanyaga mafuta injini inapiga kelele lakini gari inajivuta tu, ndo anakumbuka oili. Anabadilishiwa leo, baada ya wiki gari haendi, basi mtaa mzima unasema oili mpya imeua giaboksi. Ile giaboksi ilishakufa kabla haijaguswa, oili mpya imekuta maiti. Mie sisemi kwamba fundi wako kakudanganya, yeye kasema alichokiona kwa macho yake, ila alichokiona kilikuwa na sababu nyengine.

Na kuna punje ya ukweli ndani yake, nisikufiche. Ndani ya giaboksi ya oto mna klachi pleti nyingi ndogo za duara, zimepangwa moja juu ya moja, moja ya chuma kitupu, inayofuata imegandishwa kitu kama karatasi ngumu ya kushikia, halafu chuma tena. Gia ikiingia, oili inasukumwa kwa presha nyuma ya pistoni, pistoni inazibana zile pleti zikashikana na gari inakwenda. Sasa ile karatasi ikishalika kabisa, ule unga wake unabaki unazunguka kwenye oili, na giaboksi iliyochoka inapata kidogo cha kushikia kutokana na ule uchafu. Ukiutoa wote kwa mpigo na kutia oili safi inayoteleza vizuri, pleti zisizokuwa na karatasi hazina tena cha kushika. Kwa hiyo ikiwa gari ishateleza, kubadilisha oili hakuiokoi na kunaweza kuifichua haraka zaidi. Lakini gari yako haijateleza kwa maelezo yako, imebadilika rangi ya oili tu na ina kishindo cha asubuhi. Hiyo bado ina uhai, na oili ya ukwaju ndo inayoumaliza uhai huo kidogo kidogo.

Kwanini oili inachoka wakati haiungui kama ya injini? Kwa sababu ya joto. Baina ya injini yako na giaboksi kuna kitu kinaitwa toki konvata, ichukulie kama feni mbili zimeelekeana ndani ya bakuli lililojaa oili, feni moja inazungushwa na injini, inairusha oili, oili inaizungusha ya pili. Hakuna chuma kinachoshika chuma pale unapoondoka, ni oili tu inasukuma. Ndo maana unaweza kusimama na D imeingia na injini isizimike. Ila ile tofauti ya mzunguko baina ya feni mbili yote inageuka joto, na inakuwa kubwa zaidi unapokwenda pole pole na mzigo, yaani kupanda milima, matuta, kusimama na kuondoka. Sasa wewe upo Pemba, barabara zenu ni kupanda na kushuka, gari ndogo, abiria wanne na mizigo yao, jua la saa nane. Watu wa Unguja wanadhani foleni ya Darajani ndo inayochosha gari, na kweli inachosha, lakini mlima na mzigo unachosha zaidi. Kuna kanuni ya mafundi wa oili kwamba kila joto likizidi kama digrii 10 juu ya kiwango chake, umri wa oili unakatika nusu. Si hesabu ya msahafu, lakini inakuonesha kwanini ile namba ya kilomita nyingi unayoiona mitandaoni, ya mtu anaeendesha barabara nyoofu kwenye nchi ya baridi, haikuhusu wewe. Kwa matumizi yako mie ningebadilisha kila kilomita 40,000. Na kwa vile gari imekuja imetumika na huna uhakika wa kilomita zake za kabla, hesabu inaanza leo.

Hicho kishindo cha asubuhi nacho nataka tukizungumze kabla hujanunua hata lita moja, maana usije ukabadilisha oili ukakuta bado kipo ukaona umetupa pesa. Injini ikiwa baridi kompyuta inaipandisha mzunguko ili ipate moto haraka. Ukipiga stata na hapo hapo ukatia D, gia inaingia injini ikiwa inazunguka kwa kasi kuliko kawaida, lazima ishtuke. Kesho jaribu hivi, washa, subiri dakika moja au mbili mpaka sindano ya mzunguko ishuke, kanyaga breki vizuri ndo utie D. Ikiwa kishindo kimepotea, giaboksi haina kosa. Ikiwa kipo bado, mwambie mtu akae usukanini akanyage breki kwa nguvu na atie D kisha R, wewe simama ubavuni uitazame injini huku boneti liko wazi (usisimame mbele ya gari wala nyuma yake). Injini ikiruka ruka sana kwenye nafasi yake, mipira inayoishikilia injini imekufa, na hiyo ni kazi nyengine kabisa. Nishaona mtu kashusha giaboksi nzima kwa tatizo la mpira mmoja.

Sasa hilo la haidroliki yoyote nyekundu, yaani oili ya giaboksi ya oto kwa jina la mtaani. Hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko pahala pengine popote, kwa sababu hapa ndo gari nyingi zinapouliwa na huku watu wanadhani wanazitibu. Wekundu ni rangi tu, imetiwa kiwandani ili ukiona imevuja chini ya gari ujue si ya injini. Haisemi chochote juu ya oili yenyewe. Zile klachi pleti nilizokwambia zimetengenezwa zishike kwa namna fulani ndani ya oili fulani, isiteleze sana na isikamate kwa ghafla, na hilo linatokana na dawa zilizochanganywa kwenye oili. Oili isiyo yake gari inaweza kwenda vizuri mwezi, miezi miwili, halafu ikaanza kutetemeka au kushtuka kila gia inapobadilika.

IST yako ya 2004 ya 1,300 ina giaboksi ya kawaida ya gia 4 na inatumia oili ya Toyota T-IV. Usiniamini mie, chomoa kile kijiti usome, kwenye Toyota nyingi imeandikwa pale pale oili gani itiwe. Ukiambiwa dukani ipo WS, oili nyengine ya Toyota, na kwamba ni mpya zaidi kwa hiyo ni bora zaidi, kataa. WS ni nyepesi kuliko T-IV, imetengenezwa kwa giaboksi zilizokuja baadae, upya wake haukuhusu. Si lazima iwe ya kopo la Toyota, kampuni nyengine zinatengeneza oili nzuri, ila hakikisha nyuma ya kopo imeandikwa kwamba inafaa T-IV. Na oili ya kupimiwa kutoka kwenye pipa lililo wazi, au kidumu kisicho na sili, hata iwe rahisi vipi, iache.

Na kwa wengine mnaosoma hapa, tafadhali msichukue jina hili la T-IV mkaenda kulitia kwenye gari yoyote. Vitz nyingi za kuanzia 2005 na Noah za umbo la 2007 giaboksi zake ni CVT, ndani yake mna mkanda wa chuma unaobanwa baina ya puli mbili, na oili yake ni ya CVT peke yake. Mkanda ule unategemea oili iushike usiteleze, ukitia haidroliki ya kawaida unateleza, unakwaruza puli na hapo hakuna ufundi tena. Nissan za CVT nazo zina oili zake, NS-2 au NS-3 kulingana na gari. Ukiwa huna uhakika gari yako ni ipi, uliza kwa namba ya chesisi kabla ya kufungua nati.

Rangi yako ya ukwaju maana yake oili imezeeka. Ikiwa mpya inakuwa kama sharubati ya rozi, nyekundu na unaona upande wa pili. Idondoshe tone moja kwenye karatasi nyeupe uinuse. Ikiwa hudhurungi lakini haina harufu mbaya, imechoka tu. Ikiwa nyeusi na inanuka kama mkate wa ajemi ulioachwa kwenye moto, pleti zimeshaungua. Lakini rangi inayonitisha mie kuliko zote ni ile ya sharubati ya rozi iliyotiwa maziwa, ya waridi yenye povu. Hiyo ni maji yameingia.

Na nisimame hapo kidogo kwa sababu ni maradhi ya visiwani kwetu. Oili ya giaboksi kwenye Toyota ndogo hizi inapoozwa ndani ya rejeta, kuna kibomba kimepita ndani ya tangi la chini la rejeta, oili ndani, maji nje, kinachowatenganisha ni bati jembamba tu. Sasa sisi maji ya rejeta tunateka wapi? Kisimani. Na visima vyetu vingi vya karibu na pwani vina chumvi, hata chai ukiipika nayo unaiona. Unayatia kwenye rejeta, yanachemka, chumvi inabaki, inakula lile bati kidogo kidogo kwa miaka mpaka siku moja linatoboka, na oili na maji vinaonana. Ile karatasi ya pleti imegandishwa kwa gundi, maji yakiingia inavimba na kubanduka. Kwa hiyo kabla ya yote fungua kifuniko cha rejeta gari ikiwa baridi, tazama kama kuna mafuta yanaelea juu ya maji. Ukiona hivo, au kijiti kikawa na rangi ya maziwa, usiiwashe tena, wala usihangaike na kubadilisha oili peke yake, inatakiwa rejeta mpya na giaboksi ioshwe na fundi. Na ikiwa rejeta yako ni nzima, iondoshe kwenye maji ya kisima, tia kulanti, yale maji maalumu ya rejeta. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu giaboksi nilizozifungua zikiwa zimekufa kwa maji zilikuwa nzima kabisa kwa kila kitu chengine.

Tuje kwenye namna ya kubadilisha. Ukifungua nati ya chini oili haitoki yote, na watu wengi hawalijui hili. Inatoka ile iliyokaa kwenye sampu tu, lile bakuli la chini ya giaboksi, kwa gari yako ni karibu lita 3, pungufu kidogo au zaidi kidogo, wakati jumla ni lita 6 na kitu. Iliyobaki imekaa kwenye toki konvata, kwenye mabomba na kwenye rejeta. Ndo maana yule wa kwenye video anavua mpira wa rejeta, anataka pampu ya giaboksi yenyewe iisukume yote nje. Njia ile inafanya kazi, siikatai, hata mie naitumia gereji. Lakini pampu inatoa kwa kasi sana, lita moja inakwenda hujamaliza kuhesabu, na mwenzako akichelewa kutia, pampu inavuta hewa na vyuma vinasagana vikavu. Pia mipira ya gari ya miaka 20 ukiivuta inapasuka, na huko Wete saa 12 ya jioni utaipata wapi. Kwa mara ya kwanza, peke yako, uani, usiifanye hiyo. Na zile mashine za kuosha kwa presha usiipeleke kabisa gari ambayo haijabadilishwa oili miaka, zinaweza kung'oa uchafu ulioganda na kuupeleka kwenye vijinjia vidogo vya valvu.

Njia ninayokushauri ni ya kumwaga na kutia mara 3, kwa awamu. Unamwaga kinachotoka, unatia kiasi kile kile, unaendesha wiki mbili au kama kilomita 500, unarudia, kisha mara ya tatu. Tufanye, kwa kukisia chini, kila mara inatoka asilimia 40 ya oili yote. Mara ya kwanza utakuwa na asilimia 40 mpya. Ya pili inafika 64, kwa sababu unachomwaga safari hii kimeshachanganyika na kipya. Ya tatu 78. Haifiki 100 na haina haja ya kufika. Faida yake kubwa ni kwamba giaboksi inazoea taratibu, na ikiwa kuna tatizo limejificha utaliona baada ya awamu ya kwanza, ukiwa bado hujatumia pesa zote. Jumla nunua lita 8 au 9.

Siku ya kazi endesha gari kama dakika 10 oili ipate uvuguvugu, halafu zima. Isiwe moto wa kuchemka, oili ya giaboksi inaunguza vibaya na inatoka kwa kasi inashuka mpaka kwenye kiwiko. Paki pahala tambarare, kamata hendibreki, zuia magurudumu ya nyuma kwa mawe. Kama uani kwako ni mchanga au udongo mwekundu, weka ubao mnene chini ya jeki, la sivyo itazama gari ikiwa juu yako. Na nakuomba kwa jina la Mwenyezi Mungu usiingie chini ya gari iliyoshikiliwa na jeki peke yake, wala usiweke matufali ya saruji. Tufali linaonekana gumu lakini likielemewa pahala pamoja linapasuka ghafla, halitoi onyo. Tafuta stendi za chuma, azima kwa fundi, au peleka gari kwenye gereji yenye shimo ukodi shimo lile saa moja. Ikiwa hupati kati ya hivyo viwili, basi kazi hii usiifanye uani.

Ukishakuwa chini, nati mbili zitakukabili na hapa ndo pa kutulia. Moja ni ya oili ya injini, moja ya giaboksi. Injini kwenye gari yako imekaa upande wa dereva, giaboksi upande wa abiria, chini ya betri. Nlikuwa bado najifunza kazi, kwenye gereji moja ya mjini, kijana mwenzangu akapewa gari ya kumwaga oili ya injini. Akafungua nati, ikatoka oili, akafunga, akatia oili mpya ya injini lita 3 na nusu juu. Mwenyewe akaja, akaiwasha, injini inatoa moshi kama tanuri na gari haendi mbele wala nyuma. Alikuwa kamwaga ya giaboksi, na injini ikawa na oili mara mbili. Sasa wewe kabla hujaifungua nati, fuatilia kwa mkono sampu lile linaungana na nini, na oili ikianza kutoka itazame, ukiona nyeusi tititi kama lami simamisha kwanza ufikiri.

Kabla ya kuifungua nati ya chini hakikisha kijiti cha juu kinachomoka, kwa sababu ndo pahala pa kutilia, na ukishamwaga ukakuta juu pameganda gari haitoki pale. Weka karai, fungua nati, iachie mpaka iwe inadondoka tone tone. Kisha oili ile, ikishapoa, ipime. Mie natumia chupa tupu za maji za lita moja na nusu, namimina, naandika. Usiimimine ya moto, chupa inajikunja. Namba hii ndo mwongozo wako, kilichotoka ndo kitakachoingia, hata kama mtandao umesema namba nyengine. Ila kumbuka, kama kijiti kilikuwa kinaonesha oili pungufu tangu mwanzo, utaongeza baadae kidogo kidogo.

Nati irudishie pamoja na washa mpya (kile kiduara cha kuzibia), ya zamani ishabanwa, haizibi tena. Ianzishe kwa mkono kwanza mpaka ikubali, ndo utumie spana, na usiikaze kwa nguvu za kufungulia tairi, sampu la gari ya pwani limeshaliwa na kutu nyuzi zake zinakatika. Ndani ya sampu kuna filta ya wavu, na kuifikia lazima uvue sampu zima na gasketi yake, na vile vibolti vidogo vikishapata kutu la chumvi vinakatika vichwa kama biskuti. Kwa awamu hizi tatu iache. Ikifika siku sampu linavuja, mpe fundi avue vyote pamoja.

Kutia ni kwa faneli ndefu nyembamba kwenye tundu la kijiti, pole pole, na safisha pembezoni mwa tundu kabla, mchanga kidogo ukiingia unatosha kukwamisha valvu. Kufutia kijiti tumia kitambaa kisichotoa nyuzi, pamba usiitumie. Usipige stata kabla hujatia kiasi chote kilichotoka.

Halafu kipimo. Oili ya giaboksi inapimwa injini ikiwa inawaka na oili ikiwa moto, si kama ya injini. Na hili ni kwa Toyota yako, wenye Honda mnapima mkishazima, basi kila mtu asome kitabu cha gari yake. Washa, kanyaga breki, pitisha mkono wa gia kwenye kila nafasi ukae kama sekunde mbili tatu, P mpaka chini, urudi P. Chomoa, futa, rudisha mpaka mwisho, chomoa tena usome. Kijiti kina alama za baridi na za moto, kwanza tazama usiwe chini ya zile za baridi, halafu kaendeshe dakika 20 mpaka 30, rudi pahala pale pale tambarare, pima tena, sasa soma za moto. Iwe baina ya alama mbili. Ikiwa upande mmoja wa kijiti unaonesha juu na mwengine chini, amini wa chini, ule wa juu umepakazwa na ukuta wa bomba.

Usiizidishe ukidhani nyingi ni salama. Ikizidi, vyuma vinavyozunguka vinaichapa kama mtu anaepiga mayai, inakuwa povu, na povu ni hewa, hewa haisukumi pistoni, basi pleti zinateleza. Ikipungua, pampu inavuta hewa, mambo yale yale. Dalili za nyingi na za chache zinafanana, ndo maana watu wanaongeza pale walipotakiwa wapunguze. Tia mililita 200, pima, tia tena.

Ukishamaliza awamu ya kwanza, sikiliza. Kama gia zinaingia vile vile au laini zaidi, endelea na mpango. Kama imeanza kuteleza, au inachelewa kuingia R, au taa ya O/D OFF inapepesa yenyewe kwenye dashbodi, usimwage tena. Hiyo taa ikipepesa ni kompyuta inakwambia imeona kosa, peleka kwa fundi mwenye mashine ya kusoma, Chake au hata uivushe Unguja, asome kosa kabla hajafungua kitu. Akikwambia tushushe giaboksi na hajasoma wala hajapima oili, mshukuru uondoke. Na hivyo hivyo ukiona kwenye oili uliyomwaga vipande vinavyong'aa unavyoweza kuvishika kwa kidole. Ule unga wa kijivu laini kama tope ni kawaida ya umri, vipande sio.

Oili chafu usiimwage uani wala kwenye mtaro. Visiwa vyetu maji tunayokunywa yanatoka chini ya ardhi, na oili ikizama hairudi juu. Ikusanye kwenye dumu uipeleke gereji ambayo inaweka pipa la oili chafu, wapo wanaoichukua.

Ukishamwaga ya kwanza niandikie ilitoka lita ngapi, ina harufu gani, na lile jaribio la kusubiri dakika moja asubuhi limetoa jibu gani. Nikishajua hayo matatu nitakwambia kama uendelee na ya pili au usubiri.